TAKA ZA JIKONI NA HAKI YA JIRANI

(Haya ni maelezo ya hotuba iliyotolewa mbele ya waumini baada ya Sala ya Alasiri, Dar es Salaam)



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, nimeombwa nizungumzie usafi wa majumbani. Usafi wa mwili, wa nguo na wa mahali pa kusalia tumeusoma tangu chuoni, na sina la kuongeza. Leo napenda tuufuate uchafu wenyewe, tuone unakwenda wapi baada ya kutoka mlangoni mwetu.

Mama amemenya ndizi na mihogo ya futari, amekuna nazi, binti amefagia majani ya mwembe uani. Maganda, machicha na majani hutiwa pamoja na makopo na chupa, gari la taka likaja, ada ikalipwa, nasi tukajiona tumekwisha kuwa safi. Lakini gari lile linakwenda kwa nani?

Wazee wenzangu wanakumbuka habari ya Tabata. Jiji lilikuwa likimwaga taka zake huko, katikati ya makazi ya watu. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu, wakapata amri ya kuzuia umwagaji ule. Jiji likaomba muda zaidi, na mwaka 1991 Mahakama ikakataa kuliongezea. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi 795 wakashtaki mwaka huo huo wa 1991, kwa sababu ya moshi, nzi na uvundo, nao wakashinda. Tangu hapo dampo limehama tena na tena: Vingunguti, Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi. Kila lilipokwenda lilikuta watu.

Basi hadithi ya Jibril (A.S.) na wasia wake juu ya jirani, ambayo sote twaijua na huisoma kwa sauti nzuri, yatupasa tuisome tena tukiwa tumeshika ndoo ya taka. Jirani yangu si yule tu niliyepakana naye ukuta. Yule ambaye nzi wa maganda yangu wanatua kwenye uji wa mtoto wake, naye pia ana haki juu yangu, hata kama nimemlipa mwenye gari. Kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika matawi ya imani. Kukiondoa kwenye njia yangu nikakiweka kwenye njia ya mwenzangu sijui kunaitwaje.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa kuliko zote ya taka za nyumba zetu ni vitu vilivyotoka ardhini, ambavyo ardhi ingevipokea tena. Vikirundikwa dampo kwa kina kirefu, vikakosa hewa, huoza vibaya: hutoa maji meusi yanayochuruzika hadi mitoni, na gesi ya methani, ambayo huwaka moto na ambayo nguvu yake ya kuzuia joto angani huizidi hewa ya ukaa kwa zaidi ya mara ishirini. Vitu hivyo hivyo vikipata hewa na unyevu kidogo hugeuka mboji.

Kutengeneza mboji hakuhitaji shamba. Chagua pembe ya ua yenye kivuli. Tandaza vijiti chini ili hewa ipite, kisha weka tabaka la vitu vikavu, yaani majani makavu, nyasi au maranda ya seremala, halafu tabaka la vitu vibichi: maganda, mabaki ya mboga, machicha ya nazi, majani ya chai. Vikavu viwe mara mbili au tatu ya vibichi kwa ujazo. Wengi hushindwa hapa. Hutia maganda matupu, rundo likanuka, wakasema mboji ni uchafu. Kila utiapo kibichi, kifunike kwa kikavu. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Rundo la kiasi cha mita moja kila upande hupata joto la nyuzi 55 hadi 65, linaloua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Chomeka fimbo katikati, uichomoe baada ya muda, na mkono wako utakuambia. Geuza kila wiki mbili. Kwa joto la pwani yetu, miezi mitatu yatosha. Asiye na ua atumie pipa au ndoo kuukuu iliyotobolewa, ingawa yake itachelewa kwa kuwa haipati joto hilo.

Nyama, samaki na mafuta visitiwe, vitaleta panya. Wali uliobaki nao usitiwe. Na hapa nisieleweke vibaya. Mboji haihalalishi israfu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuliokota hata tonge lililoanguka, tukalisafisha, tukalila. Chakula ni cha mtu kwanza, kisha cha kuku.

Baadhi ya ndugu wamesema wanaogopa najisi. Maganda ya ndizi hayana najisi yoyote, hata yakioza. Lililo na maneno ni samadi. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, huhesabu kinyesi cha kila mnyama kuwa najisi. Maimamu Malik na Ahmad wameona cha mnyama mwenye kuliwa nyama ni tohara. Pamoja na hayo Mashafii wenyewe wameruhusu kurutubishia ardhi, ijapokuwa kwa karaha. Na aliyegusa najisi haujatenguka udhu wake. Ataosha pale palipoguswa. Waislamu wa Andalusia hawakuona haya kwa elimu hii: Ibn Bassal wa Toledo katika karne ya 11, na Ibn al-Awwam wa Seville katika karne ya 12, waliandika kwa kirefu juu ya mbolea, aina zake na namna ya kuiivisha. Sisi tunaosema tunataka islahi tusiione kazi hii kuwa duni.

Nyuma ya mahali pa kutawadhia vijana wetu wamekwisha jenga vyumba viwili vya matofali yaliyoachanishwa, kimoja cha kujaza na kimoja cha kuivishia. Maji ya udhu yaliyokwisha tumika yataunyesha unyevu rundo. Kuanzia Ijumaa ijayo, mwenye nafasi ndogo nyumbani alete ndoo yake ya maganda, bila mfuko wa nailoni ndani yake, na mwenye mwembe alete majani makavu badala ya kuyachoma. Akina mama wameomba mboji ya kwanza iende kwenye bustani ya mchicha ya wajane, na Kamati imekubali.

Wabillahi tawfiq.