Mwenye Ufunguo wa Ghala: Riwaya za Makuzi na Tuzo Zake
Mhadhara wa umma, Katindiuka, Ifakara



Nimeombwa nizungumzie riwaya za watoto zilizotuzwa, hasa zile zinazosimulia jinsi mtoto anavyopevuka. Tuzo zenyewe nitazipitia upesi. Tuzo ya Burt ilianzishwa mwaka 2008 kwa ufadhili kutoka Kanada, na hapa nchini ikasimamiwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto. Vitabu vyake vya vijana viliandikwa kwa Kiingereza. Nilichokipenda zaidi ni kwamba nakala za kitabu kilichoshinda zilinunuliwa zikapelekwa shuleni na maktabani, mwandishi hakubaki na hundi tu mkononi. Kisha ikaja Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kamati yake ikaongozwa na Profesa Penina Mlama. Washindi wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu. Hii hupokea miswada ya Kiswahili, na moyo wangu ulifurahi, maana mtoto wa Kilombero huota na hukasirika kwa Kiswahili, akichanganya na Kindamba au Kipogoro cha bibi yake.

Sasa waamuzi watafute nini? Katika jando na unyago, mtoto hufundishwa mambo ambayo wakubwa wamekwisha kuyaamua. Somo au kungwi ana jibu kabla mwali hajauliza. Sidharau mafunzo hayo. Lakini vitabu vyetu vingi vya watoto vimejivika ukungwi: ukurasa wa mwisho mzee anakohoa, anawaasa vijana, hadithi inakwisha. Watoto huuruka ukurasa huo. Waulizeni.

Riwaya ya makuzi humwacha mtoto aone mwenyewe. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, Kongowea anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, na kila anayekutana naye njiani inambidi ampime kwa akili yake. Emmanuel Mbogo, katika Watoto wa Mama N'tilie, anawaonyesha Peter na Zita wakifukuzwa shule kwa kukosa ada, na hamfichi msomaji mchanga jalala la Dar es Salaam. Na kuna Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobeli wa mwaka 2021. Si kitabu cha watoto, lakini kila anayewaandikia watoto anafaa akisome. Yusuf, mwenye miaka kumi na miwili, anaondoka kwao na tajiri Aziz akidhani anakwenda na ndugu. Ni kijana mwenzake, Khalil, anayemfumbua macho: Aziz si ndugu yake, na Yusuf mwenyewe ni rehani ya deni la baba yake. Hakuna mzee anayeketi kumweleza. Anapevuka kwa kuunganisha vipande ambavyo wakubwa walidhani wamevificha.

Nikifika hapo huwafikiria watoto wa bonde hili la Kilombero. Msimu wa mpunga ukianza, wazazi wengi huhamia mashambani, wengine ng'ambo ya mto, wakakaa kwenye vibanda kwa miezi. Baadhi ya watoto hufuatana nao, na mpunga ukianza kuiva huamia ndege tangu alfajiri. Walimu mnaona madawati yalivyo matupu. Wengine huachwa mjini, na binti wa darasa la sita anakuwa mama wa wadogo zake. Ndiye mwenye ufunguo wa ghala. Tuseme usiku mmoja mdogo wake anachemka homa, na ndani hamna shilingi. Anauza debe la mpunga bila ruhusa, anampeleka hospitali, mtoto anapona. Kisha mavuno yanakwisha, wazazi wanarudi, ufunguo unachukuliwa, na mama anauliza: debe moja limekwenda wapi?

Binti huyo amekwisha kuwa mtu mzima, sasa anaamriwa arudi kuwa mtoto, anyamaze, akaoshe vyombo. Mama naye hana ubaya. Amechoka, na debe lile alikwisha kulipangia kazi. Ningependa kuisoma riwaya ya binti huyo ikiwa imeandikwa na mtu aliyekanyaga tope la huku, asiyekimbilia kutuambia nani alikosea.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Vijana wa Ifakara mnaoandika kwenye madaftari, pelekeni miswada. Msisubiri mtu wa Dar es Salaam aje kuwaandikia maisha yenu. Na kwa wanaosimamia tuzo: nakala za vitabu vya watoto vilivyoshinda zifike shule za ng'ambo ya mto kabla ya msimu wa kilimo, na kwenye meza ya waamuzi wawekwe wasomaji wawili wa miaka kumi na mitatu, wenye kura kamili.