PANYA WALIOPEWA TUMBAKO
Mazungumuzo na wamama siku ya kliniki

Leo hatutasema juu ya kuhara wala juu ya chanjo. Leo tunasema juu ya panya. Musicheke! Si wale wanaotoboa magunia yenu usiku. Ni panya wanaofugwa na watu wa elimu katika vyumba safi. Wanapewa chakula kwa saa yake, na kila kitu wanachofanya kinaandikwa.

Sababu gani panya? Panya anabeba mimba majuma matatu tu, na watoto wake wanakomaa upesi. Tena, hakuna mutu mwenye roho nzuri atakayekamata mama mwenye mimba na kumupa sumu ili aone mutoto atakuwa namna gani. Na mama anayevuta sigara pengine anakunywa pombe vilevile, pengine anakosa chakula. Utajua namna gani ni kitu gani kilichomuharibu mutoto? Lakini panya anapewa kitu kimoja tu, nikotini. Ndiyo ile sumu ya tumbako inayomufunga mutu asiweze kuiacha. Iko ndani ya sigara, iko ndani ya kiko, iko ndani ya tumbako ya kutafuna, na iko ndani ya ile tumbako ya pua ambayo wengine wanaifunga kwenye pembe ya kitenge.

Sasa musikilize. Katika chuo kikuu cha Yale, kule Marekani, watu wa elimu walitangaza kazi yao mwaka wa 2003 na 2004. Panya wengine walipigwa shindano la nikotini siku nyingi, wenzao hawakupewa nikotini hata kidogo. Kiisha wote wakafundishwa jambo moja: alama fulani ikitokea, zawadi inakuja. Panya waliokwisha kuzoea nikotini walijifunza upesi zaidi kukimbilia ile alama ya zawadi. Na walipopewa kitu cha kufinya kinacholeta alama peke yake, bila zawadi yoyote, walifinya, wakafinya, kupita wenzao.

Najua mama mumoja anasema ndani ya roho: «Ee! Basi tumbako inaleta akili.» Neno hilo tunalisikia sana, hata kwa wanafunzi wanaovuta usiku wa kuamkia mtihani. Hapana, mama. Angalia vizuri panya huyu amejifunza nini. Amejifunza kufuata alama. Anafanya kazi kwa nguvu juu ya alama tupu, isiyomushibisha. Kwetu sisi alama ni nini? Ni kumaliza kula bukari. Ni harufu ya kahawa asubuhi. Ni jirani yule anayekuja kuketi karibu na makala jioni na kutoa kikopo chake. Mwili wako ulikuwa umetulia, lakini ukiona kile kikopo tu, mate yanajaa kinywani, na mukono unakwenda wenyewe. Si kwamba wewe ni mwanamuke mubaya. Ubongo wako umefundishwa.

Kwa hiyo mama anayetaka kuacha, asipigane na tumbako peke yake, aondoe na alama zake. Ukimaliza kula, simama mara moja, osha sahani. Kikopo kisilale ndani ya nyumba. Mwambie yule jirani wazi: «Dada, nikikaa na wewe, usinitolee.»

Kuko jambo la pili, na hili ni la watoto wetu wakubwa. Kule Amsterdam, inchi ya Uholanzi, mwaka wa 2011 walionyesha habari ya panya vijana, ndio kusema panya wa umri kama wa mutoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na mine kwetu. Waliwapa nikotini siku chache, wakaacha. Majuma yakapita, panya wakakomaa. Wakawaweka mbele ya ukuta wenye matundu madogo. Taa inawaka kidogo tu katika tundu moja, na panya anapashwa kuweka pua pale ndipo apate chakula. Ni kazi ya kukaza macho na kungoja. Wale waliopewa nikotini katika ujana walikosa zaidi. Lakini panya waliopewa nikotini wakiwa wamekwisha kukomaa hawakuharibika vile. Sumu ilikuwa imekwisha kutoka katika mwili siku nyingi, lakini alama yake ilibaki katika ubongo, kwa sababu iliingia wakati ubongo ulikuwa ungali unajengwa.

Panya si mutoto, ni kweli. Lakini ubongo wa mutoto unajengwa muda mrefu sana, mpaka anapita miaka ishirini. Sasa fikiri juu ya baba anayemutuma kijana: «Nenda ununue sigara moja, uniwashie.» Mutoto anaikamata, anaitia katika moto wa jikoni, anavuta mara mbili ili isizimike, anamupelekea baba. Tunasema ni heshima. Wamama, mukataze jambo hili katika nyumba zenu. Kama baba anataka moto, apelekewe kaa la moto.

Na yule aliye ndani ya tumbo? Tangu miaka ya 1980, katika chuo kikuu cha Duke, Marekani, Theodore Slotkin na wenzake waliweka pampu ndogo sana chini ya ngozi ya panya wenye mimba, nikotini ikaingia polepole muchana na usiku. Waliona ubongo wa watoto wao umeharibika, hata wakati uzito wa kuzaliwa ulikuwa muzuri. Neno hili linatugusa sisi wa kliniki, maana tunapenda sana mizani! Mutoto wa mama anayevuta sigara, mara nyingi anapunguka gramu 200 hivi. Lakini hata kama mizani inasema vizuri, haipimi ubongo. Tena mama anayeweka tumbako puani juu ya kichefuchefu cha mimba, asifikiri kwamba ameponyoka kwa kuwa hakuna moshi. Nikotini inapita katika damu, inafika kwa mutoto. Aje atuambie bila haya, tutamutafutia njia ingine.

Wengine wanauliza: «Mimi nanyonyesha na sijaweza kuacha bado. Nimukatishe mutoto titi?» Hapana! Nikotini inaingia katika maziwa, ni kweli, lakini maziwa yako yanamukinga mutoto na magonjwa mengi, na maziwa ya kopo na maji machafu yanaweza kumuua. Nyonyesha. Kama umeshindwa siku hiyo, munyonyeshe kwanza, halafu utoke inje, mbali na yeye. Katika saa mbili hivi nikotini katika damu inapunguka nusu, basi ngoja kadiri unavyoweza mbele ya kumunyonyesha tena. Unawe mikono na kinywa, uvae kitenge kingine mbele ya kumubeba.