Jeraha la Mama na Malezi ya Mtoto

Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi vya wakulima wa mpunga, Ubaruku

Katika mikutano ya ushirika huzungumzwa bei ya mpunga, mbolea na maji ya mifereji. Ni nadra kuzungumzwa hali ya mama anayeinama majarubani kutwa akipandikiza, kisha akarudi nyumbani kupika na kulea. Mazungumzo haya yanamhusu mama huyo, hasa yule aliyeumizwa angali mtoto.

Wazee walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Wasikiao usia huu humtazama mtoto aliye mbele yao, husahau kwamba mama naye alikuwa mtoto, akakua kama alivyolelewa. Uchukuliwe mfano wa msichana aliyekuwa akichapwa kila alipolia, mpaka anyamaze. Leo ni mzazi. Kichanga chake kikilia usiku, moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka, naye hujikuta amefoka au amemwacha mtoto peke yake. Si kwamba hampendi. Mwili wake ulijifunza zamani kuwa kilio ni hatari, na bado haujasahau.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walieleza kwamba walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya vijana wote, wa kike na wa kiume, walitendewa ukatili wa kupigwa. Wengi wa wasichana wa rika lile leo ni kina mama.

Aliyeumizwa utotoni huwa karibu zaidi na ugonjwa wa sonona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupatwa na matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Mgonjwa hukosa usingizi hata mtoto alalapo, hukosa hamu ya chakula, hujiona hafai, na hata kazi aliyoizoea humshinda. Majirani husema ni mvivu, ana kiburi, au amerogwa. Kumbe ni mgonjwa, na ugonjwa wake una tiba.

Mtoto huipata hasara hiyo mapema. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba kina mama wawatazame watoto wao wachanga kwa muda mfupi bila kutabasamu wala kusema. Watoto walicheka, wakanyoosha mikono kumwita mama. Walipokosa jibu waligeuza nyuso na kuhuzunika. Mama mwenye sonona huweza kuwa na uso wa namna hiyo siku nyingi, bila kutaka.

Hata hivyo, jeraha si hukumu. Wengi walioumizwa hawawaumizi watoto wao. Mwaka 1975 Selma Fraiberg na wenzake, pia wa Marekani, waliandika kwamba mzazi anayeyakumbuka maumivu yake ya utotoni na kupata wa kumsikiliza huweza kuuvunja mnyororo. Anayeyafukia ndiye huyarudia. Na msikilizaji si lazima awe daktari. Huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi la nje ya zahanati na kuwasikiliza. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa.

Ndugu Wanachama, vyama vya msingi vinaweza kutenda haya. Kwanza, mama aliyejifungua asaidiwe kwa zamu shambani, na mume achukue sehemu yake ya ulezi. Pili, wachaguliwe kina mama watu wazima wanaoaminika, wenye kutunza siri, wa kumtembelea. Tatu, dalili zikizidi wiki mbili, asindikizwe zahanati au kituo cha afya; akitamka kujiua au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo. Nne, huruma kwa mama isiwe ruhusa ya kumtesa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto, na taarifa hupokewa na ofisi ya ustawi wa jamii au kwa simu 116 bila malipo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hawezi kufichua maradhi yake mbele ya watu watakaomcheka. Basi kila chama kianze kwa kuacha kucheka.