Mwenye Chombo, Nahodha na Baharia: Madaraka Ndani ya npm

Mkunga wa Kerege anapojaza daftari la wajawazito, hesabu zake za mwezi huishia kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliojaribiwa katika Mkoa wetu wa Pwani kabla ya kuenea nchi nzima. Baadhi ya vifurushi vya programu za mfumo huo vimeandikwa na Watanzania: kikundi cha HISP Tanzania huvichapisha kwenye hazina ya mtandaoni iitwayo npm chini ya jina @hisptz, na yeyote duniani anaweza kuvichukua. Swali langu leo ni la utawala kuliko la kompyuta. Nani aruhusiwe kuchapisha kwa jina la taasisi, na ruhusa hiyo ikome lini?

npm ina ngazi tatu, na kwa watu wa Bagamoyo hazina ugeni: mwenye chombo, nahodha, baharia. Wa kwanza, owner, huingiza watu na kuwatoa, hushughulikia malipo, na akitaka huifuta taasisi yote. Wa pili, admin, hupanga timu na kuamua ipi iguse kifurushi kipi. Wa tatu, developer, hutengeneza na kuchapisha. Kumpa mtu cheo ni mstari mmoja tu, kwa majina ya mfano:

npm org set pwani asha admin

Usipotaja cheo, Asha anakuwa developer, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba wametoa kidogo. Mwanachama mpya huingizwa papo hapo kwenye timu iitwayo developers, ambayo kwa kawaida ina ruhusa ya kuandika kwenye kila kifurushi kipya cha taasisi. Baharia huyu anaweza kugeuza usukani!

Hatari ya kutoa ruhusa ovyo ilionekana mwaka 2018. Mwandishi wa programu Dominic Tarr, aliyekwisha kuchoka kukitunza kifurushi chake cha event-stream, alimkabidhi mtu asiyemfahamu aliyejitolea kusaidia. Mgeni yule akapenyeza msimbo wa kuiba fedha za watumiaji wa Copay, pochi ya fedha za kidijitali. Hakuvunja mlango; alipewa ufunguo kwa hisani. Mimi simlaumu sana Tarr, maana alikuwa akifanya kazi ya bure ambayo makampuni yalikuwa yakiitegemea.

Taasisi zetu hupokea vijana wa mafunzo kila mwaka, nao huondoka. Amri ya npm org ls huorodhesha wanachama na vyeo vyao. Orodha hiyo ningependa isomwe kwenye kikao, kama zinavyosomwa hesabu za fedha. Wamiliki wawe wawili walau, maana akiwa mmoja tu, akiugua au akihama, hakuna wa kufungua. Na kabla ya kuandika npm org rm, amri ya kumtoa mwanachama, ulizeni kwanza mtambo wa kuchapisha unatumia tokeni, yaani ufunguo wa siri, ya nani. Ikiwa ni ya huyo anayeondoka, uchapishaji utakwama siku hiyo hiyo. Tengenezeni tokeni nyingine, ijaribuni, ndipo mumtoe.