Kukimbia polisi si kukiri kosa

Leo naongea jambo moja tu: ukimuona polisi ukatoka mbio, hiyo peke yake yatosha kukufanya mshukiwa?

Twende Boston, Marekani, Desemba 2011. Nyumba imevunjwa mtaa wa Roxbury. Polisi wakaambiwa wezi ni wanaume watatu weusi: mmoja ana hudi nyekundu, mmoja hudi nyeusi, mwingine nguo za rangi nzito. Basi. Hakuna sura, hakuna urefu. Karibu nusu saa baadaye, kama maili moja kutoka pale, askari akaona wanaume wawili weusi. Kuwaita, wakakimbia. Mmoja akafukuzwa, akashikwa, bastola ikaokotwa karibu naye. Akapatikana na hatia ya kumiliki silaha bila kibali.

Akakata rufaa. Septemba 2016, mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts ikaifuta ile hatia, katika kesi ya Commonwealth v. Warren. Kwanza, maelezo yale yangemfaa mwanamume yeyote mweusi aliyevaa nguo nyeusi usiku huo. Pili, kama polisi hana sababu ya kukusimamisha, una haki ya kwenda zako. Na mtu mweusi wa Boston aweza kukimbia kwa kuchoka kusimamishwa na kudhalilishwa kila mara, si kwa kuwa ameiba. Mahakama haikusema kukimbia hakuhesabiki kamwe. Ilisema jaji apime hali hiyo kabla ya kuhukumu.

Sasa sikiza hapa. Mahakama ilijuaje hayo? Mahakama ya rufaa haianzi kusikiza mashahidi upya, yasoma kilichoandikwa. Na kule kulikuwa na maandishi: kumbukumbu za polisi wenyewe za 2007 hadi 2010, zilizochambuliwa zikaonyesha weusi wanasimamishwa kupita kiasi. Watu walihesabu, ndipo majaji wakaona.

Sisi je? Hukumu ile si sheria Kenya. Wakili aweza kuitaja, jaji halazimiki kuifuata. Lakini tuna Katiba yetu. Kifungu cha 49: ukishikwa uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoelewa. Una haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Kifungu cha 50(4): ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki zako utupwe, ikiwa kuukubali kutaharibu haki katika kesi.

Kwa hivyo usinielewe vibaya, sisemi ukimbie. Ushindi wa yule mtu ulichukua karibu miaka mitano, na risasi haingoji rufaa. Simama, mikono ionekane, uliza sababu kwa heshima. Ukiachiliwa, andika usiku huo huo: tarehe, saa, mahali, namba ya askari, maneno aliyosema. Mwambie na rafikiyo aandike. Tukilalamika barazani tu, yaishia barazani. Tukiandika, siku moja jaji atayasoma.