Uganda: Kodi ya Umbeya na Biashara Ndogo



Tarehe 1 Julai 2018 Serikali ya Uganda ilianza kumtoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kila aliyetaka kutumia WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao mingine ya aina hiyo. Machi mwaka huo Rais Yoweri Museveni alikuwa amemwandikia Waziri wa Fedha, akilalamikia kile Waganda wanachokiita lugambo, yaani umbeya.

Je, mitandaoni walikuwamo wambeya peke yao? La hasha. Alikuwamo mama auzaye mitumba ya soko la Owino, Kampala, asiye na fedha za kupangisha duka. Hupiga picha gauni, akaituma pamoja na bei. Mteja aliye Entebbe huuliza kipimo, hulipa kwa simu, na mwendesha bodaboda hupeleka mzigo. Mtaji wake mkubwa ni wateja wanaomwamini. Shilingi 200 kwa siku ni 6,000 kwa mwezi, nazo zilidaiwa kabla hajauza hata leso. Tena mnunuzi naye alitakiwa kulipa ndipo aione picha! Asipolipa, muuzaji aliyelipa alikuwa akizungumza na ukuta.

Tarehe 11 Julai 2018 polisi wa Kampala waliwatawanya waandamanaji kwa mabomu ya machozi. Ninyi mlio polisi mwaijua kazi hiyo kuliko mimi: hesabu hukosewa ofisini, askari akatumwa kuisahihisha barabarani. Wananchi wengi walikimbilia programu za VPN ili kuikwepa kodi. Katika mwaka wa fedha 2018/19 zilitarajiwa shilingi bilioni 284. Zilipatikana zipatazo bilioni 49 na nusu.

Kodi hiyo ilifutwa Julai 2021, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya bei ya vifurushi vya intaneti, ambayo VPN haiwezi kuikwepa. Lakini Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi mkuu, Facebook ilikuwa imefungwa, kisha intaneti nzima ikazimwa kwa siku kadhaa. Muuzaji ambaye wateja wake wote walikuwa Facebook aliamka hana hata mmoja. Aliyekuwa ameandika namba zao daftarini aliweza angalau kuwapigia simu.