Kamera ya Kukunja na Filamu Tatu za Kabatini
(Maelezo yaliyotolewa katika maonyesho ya picha za kale, Juma la Maadhimisho ya Miaka Mia Moja)



Kamati ya Maadhimisho imenipa dakika chache nieleze habari za kamera hii iliyo mezani. Limetolewa pendekezo iuzwe, fedha zake zichangie bati za nyumba ya mtumishi. Waliopendekeza hawana ubaya wowote. Chombo kisichofanya kazi hakina haki ya kujaza kabati. Ila chombo hiki kinafanya kazi.

Ukibonyeza kitufe hiki, mlango wa mbele hushuka na lenzi hutoka, nyuma yake ukiwapo mfuko mweusi wenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono. Ikikunjwa huingia katika mfuko wa koti, na ndiyo maana iliwafaa watu wa safari. Wamisionari wa mwanzo walitumia sana kamera nzito za vioo. Picha za Misioni ya Leipzig kutoka Kilimanjaro, Meru na Upare zimehifadhiwa vizuri, na nyingi huonekana leo kwa njia ya intaneti katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Lakini kipaimara chetu, ndoa zetu na siku ya kuezeka kanisa letu havimo humo. Vimo katika maboksi yaliyo chini ya vitanda vyetu, huko Mbagala, Mtoni, Kimara na Mbezi.

Kamera hii hutumia filamu namba 620, ambayo Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1995. Wengi waliposikia hivyo walidhani kamera zenyewe nazo zimekufa. Sivyo. Filamu namba 120, iliyoanza mwaka 1901, ingali ikitengenezwa hadi leo, na upana wake ni ule ule. Tofauti iko kwenye spuli, yaani kile kijiti chenye visahani viwili ambacho filamu huviringishwa: ya 620 ni nyembamba zaidi. Basi mtu huingia katika giza totoro, akaihamishia filamu ya 120 kwenye spuli tupu, kisha akairudisha, safari hii juu ya spuli ya 620. Filamu imegundishwa kwenye karatasi yake upande mmoja tu, kwa hiyo mwishoni hutokea uvimbe. Hapo hubanduliwa gundi na kubandikwa upya ikiwa imenyooka. Ni kazi ya vidole na subira, nayo hutoa picha nane kubwa, sentimeta 6 kwa 9. Yeyote mwenye spuli tupu ya 620 nyumbani asiwape watoto waichezee. Hiyo sasa ni mali.

Hewa yetu ya pwani ndiyo adui mkubwa. Kuvu huota ndani ya lenzi mfano wa utando wa buibui, na mkoba wa ngozi, ambao watu huuona kuwa ndio ulinzi, hutunza unyevu na kuukaribisha. Afadhali chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu. Mikunjo huchunguzwa gizani kwa tochi iliyowashwa ndani; palipo na tundu, nuru itachungulia, hasa kwenye pembe. Kidirisha chekundu cha nyuma kilikusudiwa filamu za zamani zisizoona wekundu. Za sasa huuona, kwa hiyo kifunikwe kwa utepe mweusi na kufunuliwa kivulini wakati wa kusogeza tu. Shata ikikwama, tafadhali, msitie mafuta ya cherehani. Kwa kawaida imekwamishwa na mafuta makuukuu. Ya pili hayataponya.

Sasa nifikie jambo lililonileta. Pamoja na kamera zilikutwa filamu tatu zilizokwisha kupigwa na ambazo hazijasafishwa. Karatasi zake zimeandikwa Verichrome Pan, filamu ya Kodak iliyoanza kuuzwa mwaka 1956. Basi hazikupigwa kabla ya hapo. Hiyo ni filamu ya nyeusi na nyeupe. Ndugu mmoja amejitolea kwa moyo mwema kuzipeleka studio mjini. Namshukuru, lakini ikiwa mashine ya huko ni ya filamu za rangi, dawa zake zitaondoa fedha yote iliyobeba picha, na filamu itatoka tupu kabisa. Hakuna namna ya kuirudisha. Hatari nyingine ni mtu kufunua kidogo “aone kama kuna kitu”.

Naomba Baraza la Wazee liruhusu zisafishwe kwa mkono, moja kwanza, kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, katika nyuzi 20. Maji ya bomba hapa Dar es Salaam yana joto kuliko hilo, hivyo tutahitaji beseni na barafu. Huenda picha zikatoka hafifu. Spuli zake tatu zitabaki kwetu kwa kazi ya kamera.

Wanaoweza kutaja majina ya watu wa miaka ile wamebaki wachache, na wawili wao wameketi hapa mbele. Kwa hiyo naomba uamuzi utolewe mwezi huu, na daftari la majina liwe tayari kabla ya filamu ya kwanza kukauka.